Maneno 31 na mkono kifuani

Swali limo katika orodha ya maswali 100 ya mtihani wa uraia wa Marekani wa 2008, na ni jepesi kuliko mengi: tunapotamka Ahadi ya Utii (Pledge of Allegiance), yale maneno yanayosemwa mbele ya bendera, tunaonyesha uaminifu kwa nini? Majibu yanayokubaliwa ni mawili, Marekani au bendera, na mojawapo linatosha. Hata hivyo wapo wazee, hasa waliokulia Zaire ya Mobutu au Kenya ya Moi, wanaojibu bila kusita: kwa Rais. Wanakosa alama, lakini kosa lenyewe lina akili ndani yake. Huko walikotoka, kusimama asubuhi na kutamka maneno ya utii hakukuwa na maana nyingine.

Ndiyo maana katika darasa la maandalizi ya uraia tumeacha kuanza na yale maneno makubwa ya uhuru na haki. Chukua ahadi ya taifa lolote, tafuta neno «kwa», kisha tazama kinachofuata. Hapo ndipo siasa yake ilipo.

Ahadi ya uaminifu waliyokariri watoto wa Kenya enzi za Moi iliwekwa kwa Rais na kwa Taifa la Kenya, kwa mpangilio huo huo, Rais kwanza. Ikafuata bendera, wimbo wa taifa, kazi ya kujenga nchi, roho ya Harambee, na mwisho falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja. Nyayo lilikuwa jina la siasa ya mtu aliyekuwa Ikulu wakati huo. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu alifunga nchi, kiongozi na sera ya kiongozi ndani ya pumzi moja, na hakupewa mahali pa kuchomoa kimoja akabaki na vingine. Zaire ilikwenda mbali zaidi: kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wa MPR, chama cha Mobutu, tangu kuzaliwa, na shule na ofisi zikatakiwa kuimba na kucheza kwa kumsifu Mobutu.

Ahadi za mwana TANU, chama cha Tanzania, zilikuwa na umbo tofauti. Ya kwanza haina «kwa» yoyote: «Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja». Nyingine inasema rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Hiyo ni ahadi ya mwenendo, na mtu anaweza kushikwa nayo: siku akipokea bahasha, imevunjika, na jirani anajua imevunjika. Tatizo lake lilikuwa kwingine. Zilikuwa ahadi za mwanachama, na nchi ilipobaki na chama kimoja, mstari kati ya mwanachama na raia ulififia.

Sasa ya Marekani. Kwa Kiswahili inakaribia hivi: Naahidi utii kwa bendera ya Marekani, na kwa Jamhuri ambayo bendera hiyo inaiwakilisha, taifa moja chini ya Mungu, lisilogawanyika, lenye uhuru na haki kwa wote. Kwa Kiingereza ni maneno 31, na inasemwa kwa sekunde chache tu. «Kwa» za mwanzo ni mbili, bendera na Jamhuri. Rais hayumo. Gavana hayumo. Hata serikali haimo.

Kwa mtafsiri, kazi ngumu iko kwenye neno «allegiance». Ukisema utii, msikilizaji anamwona mtoto mtiifu, askari mtiifu, mtu anayefanya alichoambiwa. Ukisema uaminifu, anamwona mtunza fedha asiyeiba. Neno lenyewe lilitoka katika dunia ya mabwana na watwana wa Ulaya, ambako mtu alifungamana na bwana wake, akampa utumishi na kupata ulinzi. Wamarekani walimwondoa bwana, wakaweka Jamhuri kwenye kiti chake. Kiswahili hapa kinasaidia kuliko Kiingereza, kwa kuwa Jamhuri imetokana na neno la Kiarabu la umma, watu kwa wingi wao. Ukimweleza mzee kwamba anaahidi kutowasaliti watu anaoishi nao, anaelewa upesi kuliko ukimpa kamusi.

Tofauti nyingine isipotee: hii ni ahadi, si kiapo. Kwetu mtu hali kiapo ovyo. Kiapo kina shahidi na kina madhara. Ahadi ya shuleni haina la kisheria linaloifuata. Familia ya wakimbizi ikifika leo, mtoto atasimama darasani wiki hiyo hiyo na kutamka maneno hayo, kabla hata ya grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu, ambayo mkimbizi huomba baada ya mwaka mmoja. Ombi la uraia linangoja miaka 5 tangu kufika. Shule nyingi zina siku 180 hivi kwa mwaka, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa ameahidi mara 900 kabla mama yake hajaapa mara moja. Wazazi huuliza kama mtoto ameshauacha uraia wa Kongo, au kama ameshakuwa Mmarekani. Jibu ni hapana kwa yote mawili. Hata akiikariri mara elfu kumi.

Maandishi haya hayakutoka Ikulu wala Bungeni. Yaliandikwa na Francis Bellamy, mchungaji wa Kibaptisti mwenye mawazo ya kisoshalisti, yakachapishwa tarehe 8 Septemba 1892 katika jarida la watoto la Boston lililoitwa The Youth's Companion, kwa ajili ya sherehe za miaka 400 tangu Columbus avuke bahari. Jarida hilo pia lilikuwa likiuza bendera kwa shule. Biashara na uzalendo vilipanda gari moja, na mtu asidhani jambo hilo ni la Marekani peke yake. Toleo la kwanza lilikuwa na maneno 22, na lilisema «bendera yangu», bila kutaja nchi. Neno «lisilogawanyika» lilikuwa bado bichi: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha 1865, na waliopigana walikuwa hai, wengine wakikaa mtaa mmoja.

Kila kilichoongezwa baadaye kililenga mtu fulani. Mwaka 1923 «bendera yangu» iliondolewa ikawekwa bendera ya Marekani, na 1924 jina la nchi likakamilishwa. Hofu ilikuwa kwamba mtoto wa Mwitalia au wa Mpolandi akisema «yangu», moyoni anaiona ile ya kwao. Mwaka huo huo wa 1924 Bunge lilipitisha sheria iliyobana sana uhamiaji, kwa hiyo hofu hiyo haikuwa ya shuleni tu. Anayetundika bendera ya Kongo sebuleni mwake Texas leo angejua ni nani aliyekuwa akisemwa. Bunge liliyatambua maneno haya rasmi tarehe 22 Juni 1942. Maneno «chini ya Mungu» yaliingia tarehe 14 Juni 1954, Eisenhower alipotia sahihi, na mlengwa safari hii alikuwa Mkomunisti asiyeamini Mungu. Mwaka 2004 baba mmoja wa California aliyafikisha maneno hayo Mahakama Kuu ya Marekani, lakini shauri lake likaondolewa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kulileta. Kiini chake hakikuamuliwa.

Mkono nao una historia yake. Saluti ya mwanzo ilikuwa ya kuanza kijeshi, kisha mtoto anapofika kwenye neno bendera, ananyoosha mkono wa kulia kuielekea. Ulaya ya Mussolini na Hitler ilipoanza kunyoosha mikono, picha za madarasa ya Marekani zikawa aibu. Desemba 1942 Bunge liliubadilisha, mkono ukawekwa kifuani.

Namna ya kusimama leo ni hii: simama wima, elekea bendera, kiganja cha kulia juu ya moyo. Mwanamume mwenye kofia ya kawaida huivua kwa mkono wa kulia na kuishika kwenye bega la kushoto, ili mkono wenyewe ubaki juu ya moyo. Kofia au kitambaa cha dini hakivuliwi, kwa hiyo hijabu inabaki, na kofia aliyokuja nayo mzee kutoka msikitini inabaki. Hili liseme mapema, kwa sababu wapo wanaojivua kwa woga na kujiona wamedhalilika bila mtu kuwadai. Aliyevaa sare ya jeshi hafungui mdomo. Anapiga saluti kimya. Na sheria hii ya bendera haina adhabu kwa raia anayekosea, ni mwongozo.

Kosa la kusoma linalojirudia ni la pumzi. Watu wanatua baada ya «one Nation» kisha wanaanza upya «under God», kana kwamba ni vitu viwili, na katika maandishi rasmi hakuna mkato hapo. Neno «indivisible» nalo linateleza kuwa «invisible», na taifa lisilogawanyika linageuka taifa lisiloonekana. Lifundishe kwa silabi tano, in-di-vi-si-bo, likae lenyewe, kabla hujaliunganisha na jirani zake.

Lakini maana ya kutamka haieleweki mpaka ujue kisa cha waliokataa. Mwaka 1935, katika mji wa Minersville, Pennsylvania, watoto wawili Mashahidi wa Yehova, Lillian wa miaka 12 na mdogo wake William wa miaka 10, walifukuzwa shule kwa kutoisalimu bendera. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 1940 majaji 8 dhidi ya 1 wakasema shule ina haki. Yaliyofuata hayakuhitaji mtabiri: makundi ya watu yaliwavamia Mashahidi sehemu mbalimbali, na huko Kennebunk, Maine, ukumbi wao ukachomwa moto. Mahakama ilikuwa imesema jambo la shule. Mtaani likasikika kuwa ruhusa.

Januari 1942 bodi ya elimu ya West Virginia ikalazimisha saluti. Mtoto aliyekataa alifukuzwa, kisha akahesabiwa mtoro, na mzazi akaweza kupigwa faini ya hadi dola 50 na kifungo cha hadi siku 30. Angalia ufundi wa mtego huo: shule inakufukuza, halafu inamshtaki baba yako kwa kuwa huji shule. Tarehe 14 Juni 1943, siku ya bendera, katikati ya vita kuu, Mahakama ile ile ikageuka kwa 6 dhidi ya 3. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna ofisa, mkubwa wala mdogo, anayeweza kuamua imani sahihi katika siasa, utaifa au dini, wala kumlazimisha raia kuikiri kwa maneno au vitendo. Tangu siku hiyo ahadi imebeba maana ambayo Bellamy hakuiandika: anayeitamka ameweza pia kutoitamka. Ukiiondoa nafasi hiyo, unarudi kwenye uwanja wa Mobutu, na hujui ni nani anaimba kwa kupenda na nani anamwangalia kiongozi wa tawi kwa jicho la pembeni.

Tusidhani ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliokuwa wameadhibiwa na kufukuzwa shule kwa kutoimba wimbo wa taifa. Kati ya hukumu hizo mbili kuna miaka 70, na mtoto anayezungumziwa ni yule yule: amesimama na wenzake, kimya.

Kwa wazazi wa hapa Marekani, haki hiyo ina kingo zake. Inamfunga mwajiriwa wa serikali, yaani shule ya umma. Shule binafsi ya kanisa inaweza kuwa na masharti yake. Mahakama za chini zimesema mara kadhaa kwamba mtoto halazimishwi hata kusimama, alimradi hawasumbui wenzake. Texas ina ahadi mbili kila siku, ya taifa na ya bendera ya jimbo, kisha dakika moja ya ukimya, na sheria yake inasema mtoto anasamehewa mzazi akiandika barua. Florida nayo inataka barua ya mzazi, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliuacha utaratibu huo usimame.

Basi andika barua, hata kama unaona hulazimiki. Iwe fupi: jina kamili la mtoto kama lilivyo kwenye rejista, darasa, sentensi moja kwamba unaomba asishiriki kukariri ahadi, tarehe, sahihi. Sababu si lazima, na mara nyingi kuitaja ndiko kunakofungua mjadala usio na mwisho. Peleka nakala kwa mkuu wa shule, si kwa mwalimu wa darasa peke yake, kwa maana mwalimu akiugua anakuja wa zamu asiyejua lolote, na hapo ndipo mtoto anapotolewa nje. Baki na nakala iliyopigwa muhuri au picha ya barua pepe. Mtoto mwenyewe afundishwe jibu moja la adabu, kwamba mama ameandika barua ofisini, na asibishane.

Kiapo cha uraia ni mlima mwingine. Hapa maneno yana nguvu ya sheria: umeshinda mtihani, ombi limekubaliwa, lakini hujawa raia mpaka uape. Ndani yake kuna kuacha utii kwa mtawala au dola ya kigeni, kuitetea Katiba na sheria, kuwa na utii wa kweli, kubeba silaha sheria ikitaka, au kutumikia jeshini bila silaha, au kufanya kazi ya umuhimu kwa taifa chini ya uongozi wa kiraia, na kuapa kwamba hufichi nia nyingine. Maneno ya kumkana «prince» na «potentate», yaani mwana wa mfalme na mtawala, yako katika sheria ya uraia tangu 1795, ndiyo maana yananuka wafalme. Na kinachofuata «kwa» hapa ni Katiba. Tena Rais hayumo.

Katika usaili wengi wanaangukia «bear arms», yaani kubeba silaha. Mtu amejifunza wanyama, analisikia «bear» anafikiria dubu, anasema hapana. Kwenye N-400, fomu ya kuomba uraia, «hapana» ya kutoelewa inaonekana sawasawa na «hapana» ya kukataa, na afisa analazimika kuchimba. Lifafanue kwa Kiswahili kabla ya siku hiyo. Anayekataa silaha kwa dini au kwa msimamo wa dhamiri unaofanana nao anaweza kuomba sehemu hiyo iondolewe, na aende na ushahidi. Asiyetaka kutaja Mungu, au asiyetaka neno kuapa, anabadilishiwa maneno bila kudaiwa karatasi.

Kuhusu kuukana uraia wa zamani, Marekani haikufuati nyumbani kuuangalia; sheria ya nchi uliyotoka ndiyo inayoamua. Kenya, chini ya Katiba ya 2010, haimnyang'anyi raia wa kuzaliwa uraia wake. Katiba ya Kongo inasema uraia wake ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mwambie mtu hili kabla hajajaza fomu, kwa kuwa wapo wenye shamba na kaburi la baba huko.

Siku yenyewe ya kiapo, nenda na fomu ya N-445 uliyoletewa, ile ya kukuita kwenye sherehe. Upande wa maswali unajazwa siku hiyo ya sherehe, kwa sababu inauliza yaliyotokea tangu usaili: umesafiri, umeoa, umekamatwa? Grinikadi inarudishwa kabla hujaapa. Watoto chini ya miaka 14 hawaapi. Mnasimama, mnanyanyua mkono wa kulia, mnafuatisha maneno. Hapo umekuwa raia. Ahadi ya bendera kwa kawaida huja baada ya kiapo, na mkono unashuka kutoka hewani hadi kifuani. Fomu ya kujiandikisha kupiga kura ijazwe baada ya kiapo, si dakika moja kabla.

Halafu wanakupa cheti, na watu wanakimbilia kupiga picha. Kisome kwanza. Familia zilizoshinda na kushindwa kwenye kesi zile mbili za bendera ziliitwa Gobitas na Barnett; karani aliandika Gobitis na Barnette, na ndivyo zinavyotajwa hadi leo. Majina ya Kikongo yanageuzwa mbele nyuma, Mwamini linakuwa Mwanini, tarehe ya kuzaliwa inakuwa 1 Januari kwa sababu kambini hawakujua nyingine. Linganisha kila herufi na fomu uliyojaza, na ukiona kosa rudi mezani ukiwa bado ukumbini. Ukishatoka nje, ni fomu ya N-565, ya kuomba cheti kingine, na miezi ya kungoja.